Herufi Nene ya Clarendon: Tabia Yake na Kazi Zake katika Kamusi na Matangazo

Katika kazi ya kupiga chapa, herufi moja yaweza kuchukua sura nyingi bila ya kubadili sauti inayoiwakilisha. Herufi a iliyo nyembamba na herufi a iliyo nene husomwa kwa namna moja. Hakuna mtoto wa shule afundishwaye kuitamka hii kwa nguvu na ile kwa upole. Hata hivyo hakuna msomaji azionaye kuwa ni sawa. Ile nene huvuta jicho lake kabla hajaanza kusoma, nayo humwambia jambo ambalo maneno yenyewe hayakulisema. Jambo hilo ni lipi? Je, unene wa herufi ni mkazo wa sauti uliohamishiwa katika karatasi, au ni alama ya namna nyingine kabisa? Swali hili lawahusu wataalamu wa lugha kama liwahusuvyo wapiga chapa, maana kamusi, sarufi na vitabu vya kufundishia hutumia herufi nene karibu katika kila ukurasa, na mara nyingi bila ya kanuni iliyo wazi.

Njia iliyo nyepesi ya kulikabili swali hilo ni kuichunguza herufi moja ambayo historia yake yajulikana. Herufi iliyochaguliwa hapa ni Clarendon, iliyotolewa London mwaka 1845. Yafaa kwa uchunguzi huu kwa kuwa katika maisha yake imefanya kazi mbili zilizo mbali mbali: imekaa ndani ya kamusi, katika maandishi madogo kabisa, na imebandikwa ukutani, katika maandishi ya kusomwa kutoka ng'ambo ya pili ya njia. Kama kazi hizi mbili zina asili moja, basi asili hiyo ndiyo maana ya unene wenyewe.

Kabla ya herufi nene

Tangu Johannes Gutenberg alipoanza kazi yake mjini Mainz katikati ya karne ya 15, wapiga chapa wa Ulaya walikaa zaidi ya miaka 300 pasipo herufi nene kwa maana tuijuayo leo, yaani herufi iliyochongwa iwe mwenzi wa herufi ya kawaida, ya kimo kimoja nayo, ila nzito kuliko hiyo. Si kwamba hawakuwa na haja ya kulitenga neno moja na mengine. Haja ilikuwapo, lakini iliondolewa kwa njia nyingine. Njia ya kwanza ilikuwa rangi: wino mwekundu, uliorithiwa kutoka kwa waandishi wa mkono. Njia ya pili ilikuwa ukubwa, yaani herufi kubwa za mwanzo au maandishi ya kipimo kikubwa zaidi. Njia ya tatu ilikuwa herufi za mlalo, ambazo Aldus Manutius alizitumia Venice mwaka 1501 kwa kupiga chapa vitabu vizima, na ambazo baadaye zikawa za kupambanua neno au sentensi. Wajerumani, ambao herufi zao za Fraktur hazikuwa na mlalo, walizitawanya herufi za neno ili liwe refu kuliko kawaida.

Waandishi wa hati ya Kiarabu nao walikuwa na desturi zao. Hati hiyo haina herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo mwandishi aliyetaka kulionyesha neno alibadili wino au alipiga mstari juu yake. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, katika kisiwa cha Pate, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, yajulikana kwa kuchanganya wino mweusi na mwekundu. Basi pwani ya Afrika Mashariki, kama Ulaya, rangi ilitangulia unene.

Katika kamusi hali ilikuwa hiyo hiyo. Samuel Johnson alipoitoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755, vidahizo vyake vilipigwa chapa kwa herufi kubwa. Njia hiyo ilitosha, lakini ilikuwa na kasoro yake: neno lililoandikwa lote kwa herufi kubwa halimwambii msomaji kama kwa kawaida huanza kwa herufi kubwa au kwa ndogo, na umbo lake hutofautiana na umbo atakaloliona katika vitabu. Mtafuta neno alionyeshwa neno likiwa limevaa nguo ambayo halivai kila siku.

Herufi nene zilizaliwa mahali pengine, nazo hazikuzaliwa kwa ajili ya vitabu. Mwanzoni mwa karne ya 19 biashara ya London iliongezeka, na kuta za mji zikajaa matangazo ya bahati nasibu, ya michezo na ya bidhaa. Kila mwenye tangazo alitaka tangazo lake lionekane kabla ya la jirani. Wasubu herufi wakajibu haja hiyo. Robert Thorne, mwenye kiwanda cha kusubu herufi katika mtaa wa Fann, hutajwa miongoni mwa waliotangulia kutoa herufi zilizonona, ambazo nguzo zake zilikuwa pana mno na vistari vyake vya kuunganisha vyembamba kama unywele. Katika muongo wa 1810 Vincent Figgins alionyesha herufi za namna nyingine, ambazo serifi zake, yaani vile vijistari vinavyomalizia ncha za herufi, zilikuwa nzito kama matofali. Herufi za ukoo huu wa pili ziliitwa na wengi za Kimisri, wakati ambapo Ulaya ilikuwa imeshikwa na shauku ya mambo ya Misri baada ya Napoléon kupeleka jeshi lake huko mwaka 1798. Hazikuwa na uhusiano wowote na maandishi ya Misri. Jina lilifuata mtindo wa siku zile.

Herufi hizo zote zilikuwa za ukutani. Mpanga herufi aliyejaribu kuziingiza ndani ya sentensi ya kitabu aliona kwamba hazikai. Ama vistari vyao vyembamba vilitoweka katika maandishi madogo, ama miili yao ilikuwa mipana kupita kiasi, ama hazikulingana katika mstari na herufi za kawaida.

Asili ya Clarendon

Thorne alifariki mwaka 1820, na kiwanda chake kikanunuliwa na William Thorowgood. Baadaye Robert Besley, aliyekuwa akifanya kazi humo, akafanywa mshirika. Ni katika kiwanda hicho ambamo Clarendon ilitolewa mwaka 1845, ikichongwa na Benjamin Fox. Jina lake kwa kawaida huhusishwa na Clarendon Press ya Oxford, chapa ya chuo kikuu iliyopata jina kwa Edward Hyde, Earl wa Clarendon.

Besley aliisajili herufi yake kwa mujibu wa sheria ya Uingereza ya kulinda michoro ya bidhaa, nayo yahesabiwa kuwa herufi ya kwanza kulindwa kwa njia hiyo. Lakini ulinzi huo ulikuwa wa miaka 3 tu. Muda ulipokwisha, viwanda vingine vikatoa herufi za kuiga Clarendon, na Besley akalalamika hadharani kwamba soko limefurika bidhaa za wizi. Malalamiko yake hayakuzuia kitu. Bali wingi wa waigaji uliipa herufi hiyo heshima ya ajabu: katika lugha ya wapiga chapa wa Uingereza wa karne ya 19, neno clarendon liliacha kuwa jina la bidhaa ya mtu mmoja, likawa jina la jumla la herufi yoyote nene iliyotumika pamoja na herufi ya kawaida. Mtaalamu wa lugha atalitambua jambo hili mara moja. Jina la pekee hugeuka nomino ya kawaida pale ambapo watu wamepata kitu kipya na hawana neno lake. Na kupanuka huko kwa maana ya clarendon ni ushahidi kwamba kitu chenyewe kilikuwa kipya.

Besley mwenyewe hakuishia katika risasi na moto. Mwaka 1869 alishika cheo cha Meya Mkuu wa London.

Umbo lake

Sifa ya kwanza ya Clarendon ni namna serifi zake zinavyoungana na nguzo. Katika herufi za Kimisri serifi hukutana na nguzo kwa pembe kali, kama ubao uliopigiliwa chini ya mwimo. Katika Clarendon serifi ni nzito vile vile, lakini huingia katika nguzo kwa mkunjo, kama shina la mti linavyotanuka linapokaribia ardhi. Mkunjo huo mdogo huiondolea herufi ukali, na macho hupita kutoka herufi moja hadi nyingine pasipo kujikwaa.

Sifa ya pili ni kadiri ya tofauti baina ya sehemu nene na sehemu nyembamba. Tofauti hiyo ipo, lakini si kubwa. Kwa sababu hiyo Clarendon yaweza kupunguzwa hadi kipimo kidogo na vistari vyake visipotee, hata wino ukiwa mbaya na karatasi ikiwa ya kukwaruza.

Sifa ya tatu ni matone. Herufi kama a, c, f na r hazimalizikii kwa ncha tupu, bali kwa kitone cha mviringo, na mguu wa R kubwa hupinda juu mwishoni. Matone hayo huipa herufi uso wa ukunjufu. Ni herufi nzito, lakini haina kiburi.

Sifa ya nne, ambayo wengi wanaozijua Clarendon za karne ya 20 hawaitambui, ni kwamba ile ya mwaka 1845 ilikuwa imebanwa. Upana wake ulikuwa mdogo kuliko unene wake ulivyotazamiwa. Sababu yake ni dhahiri tukikumbuka kazi iliyokusudiwa: ilipaswa kusimama ndani ya mstari mmoja na herufi ya kawaida na isile nafasi nyingi kuliko hiyo.

Kazi ya kwanza: ukurasa wa kamusi

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo James Murray alianza kuihariri mwaka 1879, ilitoa sehemu yake ya kwanza mwaka 1884 na ikakamilika mwaka 1928, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1915. Vidahizo vyake vilipigwa chapa kwa herufi nene za Clarendon. Herufi za mlalo, herufi kubwa zilizo fupi, na vipimo mbali mbali vya maandishi viligawiwa kazi nyinginezo: aina ya neno, majina ya waandishi walionukuliwa, na manukuu yenyewe.

Mpango huo wastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndani yake kuna nadharia ya alama. Ukurasa wa kamusi hiyo umejaa maelfu ya herufi katika safu zilizosongamana. Msomaji hausomi kutoka juu hadi chini, huutafuta. Jicho lake hupita mbio juu ya safu likitazamia neno moja. Kidahizo kilicho kinene hujitokeza pembezoni mwa safu kama nguzo za boma, na jicho hushuka kutoka nguzo hata nguzo. Halafu likifika, kazi ya unene imekwisha, na herufi za kawaida hushika usukani. Hapana mahali ambapo msomaji hutakiwa kulitamka neno lile kwa nguvu zaidi kwa sababu limeandikwa kwa unene. Unene umemwonyesha mahali tu.

Ferdinand de Saussure, katika kitabu kilichotolewa na wenzake mwaka 1916 baada ya kifo chake, alitoa mfano wa maandishi ili kueleza kwamba alama haina thamani kwa umbo lake peke yake, bali kwa kuwa si alama nyingine. Herufi t yaweza kuandikwa kwa namna nyingi, mradi isichanganyike na l au d. Unene wa herufi hufuata kanuni hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi. Herufi nene ni nene kwa sababu zilizoizunguka si nene. Ukurasa uliopigwa chapa wote kwa Clarendon hauna msisitizo wowote. Una weusi tu. Na kamusi inayonenepesha kidahizo, na minyambuliko yake, na namba za maana, na vifupisho vya ngeli, imejinyang'anya yenyewe chombo ilichokuwa nacho.

Kazi ya pili: ukuta

Clarendon haikukaa ndani ya kamusi tu. Huko Marekani, Darius Wells wa New York alikuwa amekwisha kuanzisha mwaka 1827 njia ya kuchonga herufi kubwa za mbao kwa mashine, na William Leavenworth mwaka 1834 akaiboresha kwa kutumia kifaa cha kunakili michoro kwa ukubwa mbali mbali. Herufi za mbao zilikuwa nyepesi na rahisi kuliko za risasi, nazo zingeweza kufanywa kubwa mno. Clarendon ikaingia katika mbao, ikapanuliwa, ikabanwa, ikarefushwa. Namna moja, iliyoitwa Clarendon ya Kifaransa, ilizigeuza kanuni za mama yake: serifi za juu na chini zikawa nene kuliko nguzo. Hiyo ndiyo herufi ambayo watu wengi huihusisha na matangazo ya michezo ya farasi na ya kutafuta wahalifu katika magharibi ya Marekani.

Katika karne ya 20 ukoo huu ulihuishwa. Hermann Eidenbenz alichora Clarendon mpya kwa kiwanda cha Haas cha Uswisi mwaka 1953, na Freeman Craw akachora yake kwa American Type Founders mwaka 1955. Hizi zilikuwa pana na zilizotulia kuliko ile ya Besley, nazo zikapendwa sana katika vichwa vya magazeti, nembo na mabango. Katika hifadhi za taifa za Marekani, mabango ya mbao yalichongwa kwa Clarendon kwa miaka mingi, kabla ya herufi ya Rawlinson kutengenezwa ishike nafasi yake.

Kwa juu juu, bango la hifadhi na kidahizo cha kamusi havifanani. Lakini tukiuliza kila kimoja hufanya nini, jibu ni moja. Bango husimama katikati ya miti na mawe, navyo ni vingi visivyo na idadi, likimwambia msafiri: hapa. Kidahizo husimama katikati ya maneno, nacho husema: hapa. Tangazo la ukutani husimama katikati ya matangazo mengine, na ijapokuwa maneno yake yaweza kuwa ya kelele, unene wa herufi zake hauna kazi ila kumwambia mpita njia mahali pa kutazama kwanza. Basi unene ni alama ya mahali, si alama ya sauti.

Pingamizi moja na jibu lake

Yaweza kusemwa kwamba hoja hii yapita mpaka. Katika hadithi za michoro, kwa mfano, mhusika anayepiga kelele huandikiwa maneno yake kwa herufi nene, na msomaji huisikia kelele hiyo. Ni kweli. Lakini matumizi hayo ni ya kuazima. Mchoraji hana njia nyingine ya kuonyesha nguvu ya sauti ndani ya kiputo cha maneno, kwa hiyo huazima kutoka ukutani kile ambacho ukuta ulikitumia kwa kuita macho, naye hukitumia kwa kuita masikio. Mazingira ya mchoro, uso uliokunjwa na mdomo uliofunguka, ndiyo yanayoifanya alama hiyo ieleweke hivyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi hupatikana katika vitabu vya sarufi. Mwalimu anapoandika mfano «kitabu alichokisoma» na kuinenepesha silabi cho ili kuonyesha kirejeshi, hakuna mwanafunzi adhaniaye kwamba silabi hiyo itamkwe kwa nguvu. Mkazo wa neno hilo hubaki palepale unapokaa kwa kawaida katika Kiswahili, yaani katika silabi ya pili kutoka mwisho: so. Hapa jicho limeitwa mahali pamoja na sauti imebaki mahali pengine. Kama unene ungekuwa alama ya mkazo, mfano huo ungekuwa na kosa. Nao hauna kosa, na kila mwanafunzi huuelewa.

Yanayokihusu Kiswahili

Kutokana na hayo yafuata mambo manne kwa wanaotunga na kuhariri maandishi ya Kiswahili.

La kwanza lahusu sentensi ya kawaida. Kiingereza, ingawa kina miundo ya kulitanguliza neno linalosisitizwa, hutegemea sana mkazo wa sauti. Na kwa kuwa mkazo hauonekani katika maandishi, mwandishi hulazimika mara nyingi kuuonyesha kwa herufi za mlalo. Kiswahili kina njia ya kisarufi iliyo tayari. Baina ya «Juma alikuja» na «Juma ndiye aliyekuja», au «Aliyekuja ni Juma», tofauti imo katika maneno yenyewe, nayo hudumu hata maandishi yakinakiliwa kwa mkono mbaya. Mwandishi aandikaye «Juma ndiye aliyekuja» kisha akalinenepesha jina la Juma amesema jambo moja mara mbili. Na yule aandikaye «Juma alikuja» kwa kulinenepesha jina, akitumaini kwamba unene utafanya kazi ya ndiye, ameiacha sarufi yake mwenyewe na kuazima chombo kisichofaa. Siku maandishi hayo yatakaposomwa redioni, msisitizo wake utakuwa umebaki katika karatasi.

La pili lahusu kamusi. Kama unene ni alama ya mahali, basi hapana budi mtunga kamusi aamue kwanza mahali pa neno ni wapi. Na katika lugha ya Kibantu jambo hilo si jepesi. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyapanga majina kwa herufi zake za mwanzo, kiambishi cha ngeli kikiwemo. Kwa mpango wa kwanza mtafuta mchezaji huenda kwenye cheza. Kwa mpango wa pili huenda kwenye m. Kila mpango una faida yake: wa kwanza huonyesha ukoo wa maneno, na wa pili humsaidia asiyeujua ukoo huo. Lakini katika mpango wa kwanza herufi nene hubeba mzigo mkubwa zaidi. Neno mchezaji likiwa limezama katikati ya aya ya cheza, hapana kitu kitakachomfikisha msomaji kwake ila sura ya herufi. Likinenepeshwa sawasawa na cheza, safu hupoteza nguzo zake na jicho halijui lipi ni shina na lipi ni tawi, lisiponenepeshwa, halionekani. Suluhisho ni kuwa na daraja mbili zilizo wazi: unene kwa kichwa cha aya peke yake, na sura nyingine, kama vile mlalo au herufi kubwa zilizo fupi, kwa minyambuliko. Hilo ndilo somo la ukurasa wa Murray, nalo halikutegemea lugha ya Kiingereza.

La tatu lahusu maumbo ya herufi zinazopatikana kwa wingi katika Kiswahili. Kwa kuwa maneno yake huishia kwa irabu, na a ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, ukurasa wa Kiswahili hujaa matumbo ya a. Neno wakawakataza lina herufi 12, na 6 kati ya hizo ni a. Herufi m nayo ni nyingi, na ina nguzo tatu: neno mmomonyoko lina m tatu, yaani nguzo tisa katika m peke yake. Herufi nene iliyochorwa vizuri huupanua uwazi wa ndani wa a na kuzipunguza kidogo nguzo za m, ili weusi ulingane na wa herufi nyingine. Clarendon hufanya hivyo, maana mchongaji wake alizichonga herufi zake moja moja. Kinyume chake ni unene wa bandia, ambao programu za kompyuta huutengeneza pale ambapo herufi iliyotumika haina ndugu yake mnene: mashine huongeza wino pande zote kwa kadiri moja, matumbo ya a huziba, na nguzo za m hukaribiana hata m ikaonekana kama doa. Mhariri afaa kuhakikisha kwamba herufi aliyoichagua ina umbo nene lililochorwa, si lililovimbishwa.

La nne ni dogo kwa kipimo, lakini lina maana kubwa. Kiswahili sanifu hakitumii alama juu ya herufi zake, isipokuwa ile ya ng', ambayo hukaa kando. Alama hiyo hutenganisha maneno: ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia, na ngoa ni wivu au tamaa. Katika herufi nene, ambazo miili yake imetanuka, kijialama hicho hubanwa baina ya g na irabu, na katika maandishi madogo hupotea. Katika vichwa vya habari, neno likiandikwa lote kwa herufi kubwa, huonekana kama kasoro ya chapa. Herufi nene ya Kiswahili yapaswa kuwa na alama hii iliyo nzito kwa kadiri ya herufi zenyewe na iliyoachiwa nafasi yake. Kidahizo kilichonenepeshwa kwa ajili ya kuonekana, kikapoteza alama inayokifanya kiwe neno hilo na si jingine, kimemfikisha msomaji mahali pasipo pake.

Hitimisho

Clarendon ilitungwa kwa ajili ya kusimama pamoja na herufi nyingine. Nguvu yake imetokana na ujirani huo. Wapiga chapa walioiiga, wachongaji wa mbao walioipanua, na wahariri wa Oxford walioitia katika kamusi, wote waliitumia kwa jambo moja, yaani kumwonyesha mtazamaji mahali pa kuanza. Kwa mtunga kamusi au sarufi ya Kiswahili, faida ya kulijua hilo ni ya kila siku. Sauti ya lugha hii, pamoja na misisitizo yake, imekwisha kupangiwa nyumba katika sarufi. Herufi nene iachiwe kazi ya mlango: iwe moja, iwe wazi, na iwe pale panapoingiliwa.